Walipotuita yaya

Juma hili zamu ya kuandika imetuangukia sisi mnaotuita ba mama ba Tanzanie, ingawa wanne kati yetu ni Wakenya na wamechoka kusahihisha.

Tuko 14. Waume zetu ni madereva wa malori, mawakala wa forodha, mafundi wa mitambo migodini, na mmoja ni mhasibu. Tulikuja kwa sababu yao. Hakuna hata mmoja wetu aliyeamka siku moja huko Tanga, Mbeya au Nakuru akasema moyo wake unataka Lubumbashi. Tunaanza na hilo kwa sababu mwanamke anayemfuata mume ugenini huambiwa na kila mtu kwamba ana bahati. Mume ana kazi, kodi ya nyumba imelipwa, watoto watajua Kifaransa, sasa unalia nini? Basi unajifunza kulia ukiwa umefungulia bomba, siku ambazo bomba lina maji.

Mama mwenyekiti alituomba tueleze jinsi mtu anavyoweza kukaa ugenini na moyo mkunjufu. Tulikaa Jumamosi mbili tukibishana, maana tuko 14 na majibu yalikuwa 14. Mwisho tukakubaliana tuandike yaliyotupata, hata yale yanayotuaibisha.

Na yanayotuaibisha yanaanza na lugha.

Wanawake wanaofuata waume wao Guangzhou au Istanbul wanajua tangu uwanja wa ndege kwamba watakuwa mabubu kwa muda. Sisi tuliambiwa tunakwenda kwenye Kiswahili. Kongo yenyewe inakihesabu miongoni mwa lugha zake 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba, na tangu Julai 2022 ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tukapanda basi Dar es Salaam kama watu wanaokwenda mkoa wa jirani. Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Ndola, halafu Kasumbalesa, karibu kilomita 2,000, na njia nzima tulijiambia kwamba hata tukichoka, tukifika tutaongea.

Siku ya tatu baada ya kufika, mwenzetu mmoja alikuwa anafagia uani. Kijana wa jirani akapita, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Jambo, yaya." Mwenzetu akasimama na ufagio mkononi. Kwetu yaya ni msichana wa kazi anayelea watoto wa watu. Yeye alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka 9. Alinuna wiki nzima, akamwambia mume wake kwamba majirani wamemwona anafagia wakadhani ni mtumishi wa nyumba ile. Ilichukua muda mpaka tukaelewa kwamba hapa yaya ni dada mkubwa au kaka mkubwa, na kijana yule alikuwa anampa heshima ambayo vijana wa mtaani kwetu siku hizi hawampi mtu.

Mwingine alisikia jirani, mwanamume wa miaka 30 hivi, akitangaza kwa furaha kwamba bibi yake amezala mapasa. Kwetu bibi ni mama wa mama au mama wa baba. Mwenzetu alikaa akihesabu umri wa bikizee huyo aliyejifungua mapacha, akatupigia simu tuje tuone muujiza. Tulikwenda, tukamkuta mke wa jirani, msichana wa watu, amelala na vichanga viwili ubavuni. Mkenya mmoja naye aliambiwa na mwenye nyumba wake kwamba akitaka mboga za bei nafuu aende Kenya. Akajibu kwa huzuni kwamba anajua, lakini ni mbali. Hakuwa amesikia bado kwamba Kenya ni komini ya hapa hapa mjini, na ina soko lake.

Hayo ni ya kucheka. La kuona haya ni kwamba tulikuwa tunawasahihisha watu. Mtu akisema batoto, sisi tunasema watoto. Akisema mayi, tunasema maji. Akisema niko na njala, tunamwambia sema nina njala, kana kwamba njala yake ingepungua. Tulidhani tunasaidia. Mama mmoja muuza nyanya alimsikiliza mwenzetu mpaka mwisho, akamfungia nyanya zake vizuri, akampa, halafu akasema, "Aksanti, mwalimu. Kiswahili yenu ni ya mu kitabu. Ya kwetu ni ya kulia bukari." Meza zote za jirani zilicheka. Mwenzetu alirudi nyumbani amekasirika, na Jumamosi ile alipotusimulia, tulitarajia kukasirika pamoja naye. Badala yake tulinyamaza, kila mmoja akikumbuka muuzaji wake.

Kama tungejua kidogo tu habari za mji huu tungejizuia mapema. Shuleni tulisoma jina la Msiri bila kujali alikwenda wapi. Kumbe mtoto yule wa mfanyabiashara wa Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, alikuja mpaka huku, akajenga makao yake Bunkeya na kushika biashara ya shaba na pembe za ndovu mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Kiswahili kilitembea na misafara ya watu kama hao. Halafu ikaja 1910, ukaanzishwa mji wa Elisabethville, na kazi ya migodi ikaleta watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai na Ruanda-Urundi. Watu wasiosikilizana waliwekwa mlango kwa mlango kwenye kambi za kazi, na ilibidi wapate lugha ya kuombana chumvi. Walikichukua Kiswahili, wakakikata na kukishona upya kwa vipimo vyao. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili hicho hicho, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu. Tulikuwa tunasahihisha lugha ambayo hata kitabu inacho.

Mambo mengine tuyapite haraka, maana mnayajua kuliko sisi. Baridi ya Juni na Julai, ambayo hakuna mtu wa Tanga aliyeonywa. Vumbi jekundu la kiangazi, linaloingia hata ndani ya kabati iliyofungwa. Umeme. Bei zinazotajwa kwa Kifaransa sokoni hata na mama anayezungumza Kiswahili tangu kuzaliwa, hivi kwamba unajua kila neno isipokuwa lile la kulipia. Noti ya dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha, ambayo muuzaji anaiinua juani, anaigeuza, anakurudishia kwa upole. Mmoja wetu alikwenda sokoni na dola 20 akarudi na dola 20 na kapu tupu. Unga, ambao bei yake inategemea Zambia imeamkaje. Na Kasumbalesa yenyewe. Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache, watatu kati yetu walikuwa na waume upande wa pili wa geti, na simu zao zilikuwa zinaisha moto mmoja baada ya mwingine.

Shule tusiipite haraka. Huko kwetu mwaka wa shule unaanza Januari, hapa unaanza Septemba, kwa hiyo mtoto aliyehamishwa ama anarudi nyuma ama anarukishwa. Halafu anawekwa darasani ambako mwalimu anasema Kifaransa. Mtoto aliyekuwa wa 3 darasani Mbeya alileta ripoti ya kwanza yenye asilimia 31. Baba yake alitaka kumchapa. Mama yake, ambaye hajui Kifaransa hata cha salamu, alichukua daftari la mtoto akaanza kunakili maneno usiku, maneno 10 kila siku, na asubuhi mtoto ndiye anamsikiliza mama akisoma na kumcheka matamshi. Tunaliandika hili kwa sababu lilifanya kazi kuliko mwalimu wa kulipwa. Mtoto aliyeona mama yake anakosea na hafi, aliacha kuogopa kuinua mkono. Mwaka uliofuata alifikisha asilimia 58. Si ajabu kubwa, lakini sasa anapenda kwenda masomo, kama mnavyoiita shule hapa.

Kilichotuumiza kuliko baridi ni mikono mitupu. Kati yetu kuna mwalimu, kuna wauguzi wawili, kuna fundi cherehani aliyekuwa na wasichana 3 wa kumsaidia. Karatasi tulizopewa ni za kukaa na mume, si za kuajiriwa. Mume anaondoka alfajiri, au anaondoka Jumatatu kwenda Kolwezi na kurudi mwisho wa mwezi. Watoto wako shule. Saa 3 asubuhi nyumba imeshafagiliwa, nguo zimeshafuliwa, na siku bado nzima imekaa mbele yako. Hapo ndipo mtu anapoanza kupiga simu nyumbani mara 4 kwa siku. Unajua nani kaolewa, nani kagombana na nani, pilau ya Idi imeungua kwa nani, na humjui mama anayeishi nyuma ya ukuta wako. Mwenzetu wa Tanga aliiacha saa ya ukutani kwenye saa za Dar es Salaam, ambazo ziko mbele ya Lubumbashi kwa saa 1. Alisema inamsaidia kujua nyumbani wanafanya nini. Watoto wake walikuwa wa kwanza getini kila siku, mlinzi hajafungua.

Hapa lazima tuseme neno kuhusu ushauri tuliopewa. Tuliambiwa na ndugu, na mahubiri ya simu yanayosambazwa kila asubuhi, kwamba tuwe na mawazo mazuri, tutabasamu, tushukuru, tusione ubaya. Tulijaribu. Kutabasamu mwezi mzima na ndani hujatulia kunachosha kuliko kufua mablanketi. Kwa hiyo tulipoanza kukutana Jumamosi, kwa ukweli hatukukutana kwa ajili ya maendeleo wala nini. Tulikutana kulalamika, na tulilalamika vizuri sana. Mtu angeleta karanga, mwingine mandazi, tukaanza na barabara tukamaliza na harufu ya samaki. Tulikuwa tunarudi nyumbani tumependeza.

Mpaka siku mtoto wa miaka 6 wa mmoja wetu aligombana na mwenzake wa jirani kwa ajili ya mpira, akamwambia, "Mji wenu mbaya. Mama anasema watu wa huku hawajui hata kuongea." Mama wa yule mtoto mwingine alikuwa anaanika nguo, akasikia. Hakusema kitu. Alimwita mtoto wake ndani, akafunga mlango, na kwa wiki kadhaa hakusalimia. Mtoto wetu aliendelea kusimama kwenye ukuta na mpira wake akingoja. Ilikuwa mara ya kwanza kuona malalamiko yetu yanatembea kwa miguu ya mtu mwingine.

Tuliweka sheria, na sheria hiyo ipo mpaka leo. Tukikutana, birika linawekwa kwenye mbabula. Mpaka lichemke, kila mtu aseme lolote, alie, amseme mume, aseme mji, hakuna wa kumkemea wala kumpa ushauri. Birika likichemka malalamiko yamekwisha, tunakunywa chai na tunaongea mambo ya kufanya. Siku makala yana unyevu tunapata dakika za ziada. Watoto hawaruhusiwi kuwa karibu na birika. Hatukumkataza mtu kuhuzunika, tulikipa kilio chake mahali pa kukaa ili kisikae kila mahali.

Tunasema kilio, na neno hilo ndilo linalotuleta kwenye jambo lenyewe. Kwetu kilio ni mtu kulia. Hapa kilio ni msiba, ni watu kukusanyika. Tulilijua neno kabla ya kujua maana yake.

Mwenzetu wa Tanga, yule wa saa ya ukutani, alikuwa ameshafunga begi. Alikuwa amevumilia miezi 14 akasema basi, watoto wakifunga shule anarudi kwa mama yake, mume atakuja likizo. Hakumlaumu mtu. Mama yake alikuwa anaumwa sukari na alitaka kumuuguza. Juma moja kabla ya safari, alfajiri, simu ikalia. Mama amefariki. Sisi Waislamu hatukai na maiti. Kwa adhuhuri walikuwa wanamswalia, kabla ya alasiri ameshazikwa. Pasipoti yake ilikuwa ofisini kwa ajili ya karatasi za kukaa, na mume wake alikuwa kwenye foleni ya malori upande wa Zambia. Hata angekuwa na mabawa asingewahi.

Alitupigia simu, lakini tunaishi pembe zote za mji, Bel-Air, Katuba, Rwashi, na mvua ilikuwa kubwa. Wa kwanza wetu alifika saa 4. Alikuta viti vimetolewa nje, mikeka imetandikwa sebuleni, mbabula mbili zinawaka uani, na wanawake wa mtaa wamekaa chini wamemzunguka mwenzetu. Wengi hakuwajua majina. Aliyewaita alikuwa mama wa nyumba ya nyuma ya ukuta, ambaye alisikia sauti alfajiri na hakungoja kuambiwa. Sahani ilikuwa karibu na mlango, na kila aliyeingia aliweka franga kidogo, hata yule kijana wa "jambo, yaya". Mama wa mtoto wa mpira alikuwa uani, anasonga bukari kwenye sufuria la watu 40.

Walitaka kuimba, kwa maana hapa mtu haachwi na kimya. Lakini mama wa nyumba ya nyuma alimwinamia mwenzetu kwanza akamuuliza, "Kwenu munalombaka namna gani? Tuimbe ao tunyamaze?" Mwenzetu alisema kwao wanasoma, hawapigi kelele. Wakanyamaza. Sisi tulipofika tulisoma Yasini, na wale Wakristo wakakaa na mikono magotini wakisikiliza, wakaitikia amina pale walipodhani panafaa. Mahali pengine hapakufaa, lakini hakuna aliyejali. Usiku wa pili mwenzetu mwenyewe ndiye aliyesema, sasa imbeni kidogo, polepole, mama yangu alipenda sauti za watu. Waliimba kwa Kiswahili chao, na hakuna mtu aliyesahihisha.

Wanne kati ya majirani walilala pale usiku 3. Waliacha waume na watoto wao. Walimlilia mwanamke wa Tanga ambaye hawakuwahi kumwona hata kwenye picha, mpaka mwenzetu alipowaonyesha kwenye simu.

Usiku wa mwisho mmoja wetu alimuuliza mama wa nyumba ya nyuma kwa nini amejisumbua hivyo kwa mgeni ambaye alikuwa hata hamsalimii vizuri. Alicheka kidogo. Alisema kambo yake, yaani bibi yake kwa lugha yetu, alikuja Katanga kutoka Kasai kwa treni, baada ya reli ya Ilebo kufika huku mwaka 1928. Alimfuata mume aliyekuwa anachimba shaba. Alifika hajui neno moja la Kiswahili, na watu walimcheka sokoni. Alikufa anakiongea kuliko lugha yake. Halafu akanyamaza, tukadhani amemaliza. Akasema kwamba mwaka 1992, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa makwao katika jimbo hili, yeye alikuwa binti mdogo, na walilala na mama yake kwenye stesheni ya Likasi wiki nyingi wakingoja treni, watu maelfu, mvua ikinyesha, watoto wakifa. Aliyewaletea uji kila asubuhi alikuwa mama mmoja wa hapo hapo Likasi, si wa kabila lao, aliyekuja na ndoo kichwani bila kuulizwa. Familia yake ilirudi Lubumbashi miaka baadaye. "Miye najua mutu wa kungoja treni," alisema. "Namujua ku macho." Hakuongeza neno, akageuka kuangalia moto.

Hatujui kama mmeshawahi kujisikia wadogo na wakubwa kwa wakati mmoja. Tulikuwa tumeishi nyuma ya ukuta wa mwanamke yule zaidi ya mwaka, na tulichokuwa tunakijua juu yake ni kwamba anasema bitu badala ya vitu.

Mwenzetu hakuondoka juma lile. Kwanza pasipoti ilikuwa bado. Halafu arobaini ya mama yake ilifika akaamua kuisomea hapa, kwa sababu, alisema, watu walionilaza usiku 3 wako hapa. Aliwapa wale wanne khanga zilizokuja kwenye begi lake, zile alizokuwa amemnunulia mama. Waliuliza kila mmoja yake imeandikwa nini, tukawasomea na kuwaeleza, na mmoja alikataa ya kwake akabadilishana na jirani, akisema maneno yale mume wake atadhani ni yeye anasemwa. Saa ya ukutani aliirudisha nyuma mwenyewe. Anasema sababu ni watoto kusimama getini kwenye baridi. Tumekubali maelezo hayo.

Baada ya hapo akaingia kwenye likelemba ya mtaa wake. Nyumbani tunaita upatu, Wakenya wanasema chama, na kazi ni ile ile. Kila juma wanawake 12 wanatoa, mmoja anapokea. Sisi wengine tulimfuata, kila mmoja mtaani kwake, badala ya kuendelea kuchangiana sisi kwa sisi tu. Tunaomba msitushangae kwa kulisema kwa uwazi. Likelemba ilitufanyia kazi ambayo kutabasamu hakukuweza. Mtu mwenye zamu ya 9 hawezi kuishi kana kwamba anaondoka kesho, wala wenzake hawawezi kumchukulia hivyo. Ukiugua wanakuja kukuangalia, sehemu kwa upendo na sehemu kwa sababu wewe ni zamu ya 9. Zote mbili tumezipokea. Fundi cherehani wetu alitumia zamu yake kununua cherehani ya mkono, na sasa anawashonea majirani libaya nyumbani kwake. Wauguzi wetu hawajapata kazi, na hilo hatuna la kulipamba. Mmoja anasema bado analia bomba likifunguliwa.

Na yuko mmoja aliyerudi. Tulikuwa 15. Alikaa miaka 2, alijua maneno yote, alipendwa mtaani, watoto walifaulu, na bado kila asubuhi aliamka na jiwe kifuani. Alirudi Nakuru, mume akabaki. Kuna waliosema hakuwa na moyo. Sisi tulimsindikiza basini, tukambebea karanga na kopo la asali ya misitu ya huku, na hatukumwambia kwamba angejitahidi zaidi angeweza. Anatuandikia. Juzi aliuliza kama uyoga umeanza, ule mpana kama mwavuli unaouzwa kando ya barabara mvua zikishika. Tukamwambia umeanza.

Jambo moja la kuchekesha kabla hatujamaliza nafasi. Ukisema hapa mjini kwamba umetoka Tanzania, wanaume wa umri fulani hawakuulizi kuhusu Kilimanjaro wala bahari. Wanasema, "Samatta!" Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walicheza TP Mazembe, na mwaka 2015 timu hiyo ikachukua Ligi ya Mabingwa Afrika wakiwa ndani. Sisi wanawake hatukuwa mashabiki wa mpira. Sasa tunajua magoli, maana fundi bomba anayekumbuka magoli hayo anakuja siku ile ile ukimpigia.

Juma lililopita amefika mama mpya, kutoka Dodoma, ana watoto 2 na mimba ya tatu. Mume wake amepangiwa mgodi karibu na Fungurume na atakuwa nyumbani siku 4 kwa mwezi. Tulikwenda watano kumwona. Tulimkuta amekaa juu ya godoro ambalo bado liko kwenye nailoni. Tulimpelekea gunia la makala, mbabula, sufuria, sombe iliyokwisha kutwangwa, na orodha ya bei kwa Kifaransa iliyoandikwa jinsi inavyotamkwa. Noti zake za dola tulizipekua moja moja tukamtengea zile ambazo sokoni hazitapita. Alituuliza mara mbili kama watu wa hapa ni wazuri. Mwenzetu wa Tanga alimwambia tutajibu Jumamosi, birika likiwa motoni.

Wakati tunaaga, msichana wa nyumba ya pili alichungulia mlangoni na bakuli la karanga. Akasema, "Jambo, yaya," akimwangalia mama mpya. Tukaona uso wake unabadilika. Wote watano tulianza kueleza kwa pamoja.